Samuel Johnson na Waliokosa Pa Kulala

Waliosoma vitabu vya Kiingereza shuleni huenda walilikuta jina la Dakta Samuel Johnson, mtungaji wa ile kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1755. Lakini huyu mwanachuoni aliwahi kukosa pa kulala, na hakusahau.

Alizaliwa Lichfield, Uingereza, mwaka 1709. Baba yake aliuza vitabu, na biashara haikumwendea vizuri. Mwaka 1728 Samuel aliingia chuo cha Pembroke, Oxford, lakini baada ya miezi 13 fedha zilikwisha, ikambidi kuondoka. Alipokuwa pale viatu vyake vilitoboka hata vidole vikaonekana. Mtu mmoja akamwekea viatu vipya mlangoni kwa siri. Yeye akavitupa kwa hasira. Tusimlaumu upesi. Kupokea nako kuna uchungu wake, ambao mara nyingi mtoaji hauoni.

Mwaka 1737 alikwenda London kutafuta riziki kwa kalamu. Huko akafanya urafiki na mshairi mmoja, Richard Savage, ambaye wakati wa baridi alilala juu ya majivu ya viwanda vya vioo, pamoja na wezi na ombaomba. Kuna usiku ambao wote wawili hawakuwa na fedha ya chumba. Wakazunguka uwanja wa St James's kwa saa nyingi, wakimlaumu waziri mkuu na kuazimia kusimama upande wa nchi yao. Nchi yenyewe haikuwapa hata mkeka! Savage alikufa gerezani Bristol mwaka 1743, alikofungwa kwa deni. Johnson akaandika habari za maisha yake, bila kuficha makosa yake na bila kumdharau.

Tangu hapo Johnson hakuweza kumpita mtu aliyelala nje kama anavyopita gogo. Akirudi nyumbani saa saba au saa nane za usiku, aliwakuta watoto wamelala vizingitini mwa maduka, akawatia senti mikononi wakiwa usingizini ili wakiamka wapate chakula cha asubuhi. Naye wakati huo aliishi kwa kuhesabu senti. Watu walipolalamika kwamba ombaomba hununua pombe na tumbaku, aliwauliza kwa nini maskini wanyimwe hata utamu mdogo wa maisha.

Mwaka 1757 tajiri mmoja, Soame Jenyns, alitoa kitabu kilichosema kwamba umaskini una faraja zake. Johnson alikijibu kwa ukali. Alionyesha kwamba kukosa utajiri ni jambo moja, na kukosa chakula ni jambo lingine kabisa. Hapo ndipo naona shukrani yake inatofautiana na ile yetu ya kila siku, ya kumtazama asiye na kitu na kusema moyoni, afadhali mimi.

Mwaka 1762 mfalme alimpa pensheni ya pauni 300 kwa mwaka. Sasa alikuwa na nyumba, nayo ikajaa. Alikaa humo Anna Williams, kipofu. Robert Levet, aliyewatibu maskini wa mitaani. Na wengine wasio na pa kwenda. Usiku mmoja alimkuta mwanamke amelala njiani, hawezi kutembea kwa udhaifu. Akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Ikajulikana kwamba alikuwa kahaba mgonjwa. Johnson hakumkemea, alimtunza siku nyingi kwa gharama yake mpaka akapona, kisha akajaribu kumtafutia njia ya kuishi kwa heshima.

Msidhani nyumba hiyo ilikuwa na amani. Wageni wake waligombana kila mara, huyu akimchukia yule, hata mwenye nyumba akaogopa kurudi kwake. Lakini hakumfukuza mtu. Hata akichelewa, alikunywa chai na Anna Williams kabla ya kulala, naye mama huyo alimngojea. Katika sala alizoandika siku za kuzaliwa kwake, Johnson alimshukuru Mungu kwa kumhifadhi, kisha akaungama uvivu wake.

Alifariki tarehe 13 Desemba 1784, akazikwa Westminster Abbey. Sehemu kubwa ya mali yake alimwachia Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica na kuishi kwake tangu ujana. Barber akachukua mke na watoto wake, akahamia Lichfield.