Roget: Tabibu aliyeyapanga maneno kwa maana

KWA waandishi wengi wa Kiingereza, Roget ni jina la kitabu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwenye jina hilo alikuwa tabibu, na kwamba kazi iliyompa umaarufu ilichapishwa akiwa na umri wa miaka 73.

Peter Mark Roget alizaliwa jijini London mnamo Januari 18, 1779. Babake, mchungaji wa Kiprotestanti kutoka Geneva, aliaga dunia mwaka wa 1783 kutokana na kifua kikuu. Mwana huyo yatima alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh akiwa na miaka 19 pekee.

Mnamo 1805, akiwa daktari mjini Manchester, alikamilisha orodha fupi ya maneno aliyoyapanga kwa mafungu ya maana. Hakuikusudia umma, ilikuwa ya kumfaa yeye mwenyewe katika uandishi wake.

Misiba ilizidi kumwandama. Mwaka wa 1818 mjombake, mwanasheria mashuhuri Samuel Romilly, alijitoa uhai siku chache baada ya kufiwa na mkewe. Mnamo 1833 Roget naye alifiwa na mkewe, Mary, akaachiwa watoto wawili. Hata hivyo, hakutupa kalamu. Tangu 1827 hadi 1848 alikuwa katibu wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi nchini Uingereza.

Alipong'atuka, aliirejelea orodha yake ya ujanani. Mwaka wa 1852 ilichapishwa kwa jina Thesaurus, neno lenye asili ya Kigiriki na maana ya hazina. Maneno yapatayo 15,000 yaliwekwa chini ya vichwa 1,000, katika matabaka sita: mahusiano dhahania, nafasi, maada, akili, utashi na hisia.

Hapo ndipo ulipokuwa upekee wake. Kamusi ya kawaida humpa msomaji maana ya neno alilo nalo. Roget alianza na maana, akamwongoza msomaji hadi kwenye neno lililomponyoka. Aidha, dhana na kinyume chake zilipangwa sambamba.

Roget alifariki Septemba 12, 1869, akiwa na miaka 90. Mwanawe, John, na baadaye mjukuu wake, Samuel, waliendelea kukihariri kitabu hicho.

Kiswahili nacho kilipata Kamusi ya Visawe, ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotolewa Nairobi mwaka wa 1998. Mwandishi aliyewahi kukwama katikati ya sentensi anaijua thamani ya hazina kama hiyo.