Yusuf bin Hasan: Mfalme wa Malindi Aliyezirudisha Manowari za Goa

Wapo watu waliopata kutawala nchi, kisha nchi hiyo hiyo ikawasahau. Mmoja wao ni Sultani Yusuf bin Hasan, wa ukoo wa wafalme wa Malindi. Hapa Muyeye na mitaa jirani hakuna mtoto asiyeijua nguzo ya Vasco da Gama, na wageni huvuka bahari kuja kuitazama. Lakini mrithi wa kiti cha Malindi aliyesimama kupigana na wenye nguzo ile, ni wachache wanaomtaja. Basi leo na tumtaje, msomaji mpenzi, kwa mema yake na kwa yasiyokuwa mema.

Ili tumfahamu Yusuf yatupasa tuanze mbali kidogo. Mwaka 1498 Mombasa iliwatilia shaka Wareno, na Malindi ikawapokea. Ukarimu ule ulikuwa na hesabu ndani yake. Miji hii miwili ilikuwa mahasimu, na Malindi ilijipatia rafiki mwenye mizinga. Mombasa ilitiwa moto mwaka 1505, ikatiwa tena 1528. Na ilipovunjwa mara nyingine mwaka 1589, Wareno walimpa mfalme wa Malindi kiti cha Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Mfalme akawa na kiti, wao wakawa na ngome. Na mwenye ngome ndiye mwenye mji.

Sultani Hasan bin Ahmad, babake Yusuf, aliyaonja machungu ya urafiki huo. Aligombana na kapteni wa ngome, akaona maisha yake yamo hatarini, akakimbilia bara, pande za Rabai. Huko, mwaka 1614, akauawa na watu waliokodiwa kwa mali ya kapteni. Kichwa chake kikapelekwa Goa kule Bara Hindi, yalikokuwa makao makuu ya Wareno katika bahari hii yetu. Yusuf alikuwa mtoto wa umri wa miaka kama saba.

Naye pia akapelekwa Goa. Kichwa cha baba kilitangulia, mwana akafuata. Mapadri wa Kiagustino wakamlea, wakambatiza, wakamwita Jerónimo Chingulia. Akafundishwa lugha yao na mila zao, akapewa na cheo cha heshima cha kikabaila. Mwaka 1626 wakamtangaza kuwa mfalme wa Mombasa na Malindi. Walidhani, kama wasemavyo wahenga, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Aliporudi pwani, Yusuf hakuwa wa huku wala wa huko. Raia zake Waislamu walimwona mfalme wa Kikristo aliyeletwa na merikebu za wageni. Wareno nao walimdharau, na kapteni mpya, Pedro Leitão de Gamboa, hakumpa heshima ya mfalme. Ikasemekana kwamba usiku Yusuf huzuru kaburi la babake na kuomba dua kwa desturi ya Kiislamu. Habari hizo zikamfikia kapteni, naye akawaza kumrudisha Goa akahukumiwe. Yusuf akang'amua kuwa mlango unafungwa.

Mwezi wa Agosti 1631, siku za sikukuu ya Wareno, Yusuf aliingia Fort Jesus pamoja na watu wake kama anayekuja kumwamkia kapteni. Akamuua kapteni, na ngome ikawa mikononi mwake. Akalitupa jina la Jerónimo, akarudi katika Uislamu na jina alilopewa na wazazi wake.

Hapa, ndugu msomaji, kalamu haina budi kusema kweli. Waliouawa hawakuwa askari peke yao. Wareno wa mjini, mapadri, wanawake, watoto, na Waafrika waliokuwa wamebatizwa, walitakiwa wasilimu, na waliokataa wakauawa. Hesabu zilizoandikwa baadaye zinawataja karibu watu 300. Dini yetu haimruhusu mtu kutia imani moyoni mwa mwenziwe kwa upanga, wala haihalalishi damu ya mtoto. Dhuluma aliyotendewa Yusuf ilikuwa kubwa, lakini dhuluma haifutwi kwa dhuluma. Anayemsifu kwa ushujaa wake asiiruke aya hii.

Goa haikukaa kimya. Mwezi wa Januari 1632 msafara wa manowari ulifika Mombasa chini ya Francisco de Moura. Hiyo ilikuwa dola iliyoishika bahari kutoka Sofala hadi Malaka. Ndani ya ngome alikuwamo mfalme kijana na watu mia kadhaa, Waswahili pamoja na watu wa bara ambao Wareno wakiwaita Wamusungulo, hodari wa upinde na mishale ya sumu. Merikebu zikapiga mizinga, askari wakateremka kisiwani, wakashindwa kuingia. Kuta zile Wareno walizijenga wenyewe ili zisivunjike, na kweli hazikuvunjika. Mwezi wa Machi msafara ukang'oa nanga ukarudi.

Lakini Yusuf alijua kuwa watarudi tena na nguvu kubwa zaidi. Mwezi wa Mei aliharibu alichoweza kuharibu ngomeni, akapanda merikebu aliyowateka Wareno wenyewe, akatweka matanga. Mwezi wa Agosti Wareno waliikuta ngome tupu.

Tangu hapo bahari ikawa ndiyo milki yake. Alizunguka pwani za Arabuni, Ngazija na Bukini, akizivizia merikebu za Wareno, nao wakimwinda wasimpate. Akafa mwaka 1638 pande za Bahari ya Sham, umri wake miaka thelathini na kitu, mbali na kaburi la babake.

Waliobaki pwani ndio waliolipa deni. Maandishi yaliyochongwa juu ya lango la Fort Jesus yanajigamba jinsi pwani ya Malindi ilivyotiishwa, na Pate na Siyu zilivyobomolewa kuta zake. Wareno hawakumweka tena mfalme wa Malindi juu ya kiti cha Mombasa. Hata hivyo ilikwisha julikana kwamba ngome ile yatwalika. Na mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, Waomani waliitwaa.

Mwacha asili ni mtumwa, twasema sisi wa pwani. Yusuf hakuiacha asili yake. Alinyang'anywa akiwa mtoto, na alipoirudia aliilipia kwa damu yake na ya watu wengine. Lakini mlango aliopitia mnyang'anyi ulifunguliwa hapa kwetu, zaidi ya miaka mia kabla hajazaliwa, na wazee waliotaka msaada wa kumshinda jirani. Anayekwenda kuitazama nguzo na alikumbuke hilo.