Aimé Guerlain na Manukato Yanayobadilika Mwilini

Zamani kazi ya fundi wa manukato huko Ulaya ilikuwa kuiga maua. Aliyetaka waridi alitengenezewa waridi, na aliyetaka yasmini akapewa yasmini. Miongoni mwa waliouacha mtindo huo ni Mfaransa Aimé Guerlain.

Alizaliwa mwaka wa 1834. Baba yake, Pierre-François-Pascal Guerlain, alikuwa amefungua duka la manukato jijini Paris mwaka wa 1828, akapata sifa kubwa alipomtengenezea manukato Malkia Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, mwaka wa 1853. Mzee huyo alipofariki mwaka wa 1864, wanawe wawili waligawana kazi. Gabriel alishika biashara, na Aimé akashika ufundi.

Siku hizo wanakemia walikuwa wakivumbua mambo mapya. Mwaka wa 1868 Mwingereza William Perkin alitengeneza kumarini, yenye harufu ya nyasi zilizokatwa na kuanikwa. Mwaka wa 1874 Wajerumani Tiemann na Haarmann walitengeneza vanilini, ambayo ndiyo asili ya harufu ya vanila, kutokana na kitu kilichomo katika utomvu wa misonobari. Fundi mwingine, Paul Parquet, alitangulia kutia kumarini katika manukato yake mwaka wa 1882. Aimé naye hakuvidharau vitu hivyo.

Mwaka wa 1889, ule ule mnara wa Eiffel ulipofunguliwa, alitoa manukato aliyoyaita Jicky. Ukiyapaka mkononi, spiriti huruka kwanza pamoja na ukali wa harufu ya malimau. Kisha lavenda, ua la zambarau la kusini mwa Ufaransa, hutawala kwa harufu safi yenye ubaridi, kama ya shuka zilizotoka kufuliwa. Lakini mafuta ya lavenda ni mepesi, na joto la ngozi huyarusha polepole. Saa moja hivi ikipita, harufu kavu ya mbao hujitokeza, ikifuatana na kumarini na vanilini, ambazo ni nzito na hukawia kuruka. Chini ya zote ilikuwamo zabadi ya ngawa, bidhaa ambayo Ethiopia iliiuza sana ng'ambo. Peke yake zabadi hunuka vibaya, lakini tone dogo likichanganywa huyapa manukato uvuguvugu wa mwili wa binadamu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hiki kilikawia. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Paris, waliozoea maua, waliyakataa manukato hayo yasiyokuwa ua lolote, na wanaume ndio walioyanunua kwanza. Hata hivyo hayakuondolewa dukani, na miaka ilipopita wanawake nao wakayapokea.

Kuhusu jina, wengine husema lilikuwa la msichana wa Kiingereza aliyependwa na Aimé, na wengine husema lilikuwa la utani la Jacques, mtoto wa nduguye. Jacques huyo alirithi ufundi wa ami yake, na mwaka wa 1925 akatoa Shalimar, manukato yaliyosifika kwa vanila.

Aimé alifariki mwaka wa 1910. Ametuachia funzo kwamba manukato hayahukumiwi kwa kunusa mdomo wa chupa. Sharti yapakwe, kisha mtu angoje, kwani harufu ya asubuhi siyo itakayokuwapo jioni.