Renoir, Mchoraji Aliyeshambuliwa na Kinga Yake Mwenyewe

Wanachuo wenzangu, jina la Pierre-Auguste Renoir wengi tunalisikia kwenye mambo ya sanaa tu. Lakini maisha yake yanawahusu hata watu wa baiolojia, na sisi wa ualimu pia.

Alizaliwa mwaka 1841 mjini Limoges, Ufaransa, baba yake akiwa fundi cherehani. Akiwa kijana mdogo alipelekwa kiwandani kujifunza kuchora kwenye vyombo vya kauri. Mwaka 1874, yeye, Monet na wenzao wakafanya maonyesho yao wenyewe Paris, maana wakubwa wa sanaa walikuwa wakizikataa picha zao. Walichekwa sana. Leo picha hizo hazishikiki bei.

Alipokuwa na miaka hamsini hivi, viungo vikaanza kuvimba. Ilikuwa baridi yabisi. Jina lenyewe linatudanganya, tunadhani inaletwa na baridi ya alfajiri au uzee. Kumbe ni kinga ya mwili iliyopotea njia! Kwa kawaida kingamwili hunasa vijidudu. Katika ugonjwa huu, wagonjwa wengi wana kingamwili zinazonasa protini za mwili wenyewe. Zikishikana zinakuwa vishada. Seli za ulinzi zikivikuta zinadhani adui ameingia, zinamwaga kemikali za kuita wenzao. Basi utando wa ndani ya kiungo unavimba, unapata joto, unanenepa, kisha unakula gegedu na mfupa.

Renoir alikuwa pia mvutaji sigara, na siku hizi inajulikana kwamba moshi wa sigara unaongeza hatari ya kupata kingamwili hizo.

Mwaka 1907 alinunua shamba la mizeituni huko Cagnes, kusini kwenye jua. Kufikia mwaka 1912 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Vidole vilijikunja hadi mkono ukawa unafungwa vitambaa ngozi isichubuke, naye anapachikiwa brashi. Hakuacha kuchora. Hata sanamu alitengeneza, kwa kumwelekeza kijana Richard Guino afinyange badala yake. Alifariki tarehe 3 Desemba 1919, na mwaka huohuo alikuwa bado kazini.

Mwaka 1940, miaka 21 baadaye, daktari Erik Waaler wa Norway alichapisha habari za kitu ndani ya damu ya wagonjwa hawa, ambacho baadaye kilijulikana kuwa ni kingamwili ya aina hiyo. Leo kuna vipimo vya damu, na kuna dawa kama methotreksati za kutuliza kinga. Zikianza mapema, viungo vinaokolewa.

Ndiyo maana mwenzako akiamka vidole vimekakamaa kwa saa nzima, wiki baada ya wiki, usimwambie ni baridi tu au karogwa. Mpeleke hospitali. Na sisi walimu watarajiwa tukumbuke kwamba watoto nao wana aina yao ya ugonjwa wa viungo. Anayeshindwa kushika kalamu asubuhi si lazima awe mvivu.