Lewis Hill, mtu aliyeomba wasikilizaji walipe radio yao

Kama unasikiliza radio za jamii huku kwetu, kutoka Bunia mpaka Uvira, umeshatambua jambo moja: kipindi kinapita leo asubuhi ku radio moja, kesho kutwa unakisikia ku radio ingine, sauti ile ile, watu wale wale. Kinatembea kwa kle USB ndani ya mfuko wa mtu wa moto, ao kwa WhatsApp, ao kwa setilaiti. Wengi wanafikiri ni mambo ya juzi tu. Kumbe kazi hii ya radio ndogo kupeana vipindi ina historia ndefu, na mmoja wa watu walioifungulia njia ni Mmarekani aliyekufa mu 1957, akiwa na miaka 38. Aliitwa Lewis Hill.

Hill alizaliwa tarehe 1 Mei 1919 katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Jamaa yake haikuwa ya watu wa njaa. Alipitia shule ya kijeshi, kisha akaenda kusoma ku chuo kikuu cha Stanford, California. Ni huko mawazo yake yalibadilika. Alivutwa na mafundisho ya Quakers, wale Wakristo ambao imani yao inawakataza kushika silaha. Huku Kivu ya Kusini tunawajua kwa kanisa la Amis. Marekani ilipoingia katika vita kuu ya pili na vijana wakaanza kuitwa jeshini, Hill alisema hataua mtu. Sheria ya inchi yake iliwaruhusu watu wa namna hiyo kufanya kazi ingine, bila mshahara, katika makambi. Yeye alitumwa Coleville, ku milima ya California. Hakumaliza muda wake. Walimwachilia juu ya ugonjwa wa viungo uliokuwa umemshika uti wa mgongo, na maumivu hayo hayakumwacha tena.

Kutoka kambini alienda Washington. Huko alitetea wenzake waliokataa vita, na wakati huo huo alikuwa anasoma habari ku radio moja ya mji, WINX. Hapo ndipo alijifunza namna radio ilikuwa inafanya kazi wakati ule. Kampuni ya sabuni ao ya sigara ilikuwa inanunua saa nzima, na mara nyingi yenyewe ndiyo ilitengeneza kipindi, ikachagua waimbaji, ikakataa maneno yasiyopendeza. Mitandao mikubwa sawa NBC na CBS ilipeleka kitu kimoja inchi nzima. Vipindi vilikuwa vingi, lakini ukivichunguza, mwenye kusema alikuwa mmoja: yule aliyelipa.

Sisi wa kazi hii hatushangai. Kipindi kikiletwa kimeshatengenezwa, na bahasha yake iko pembeni, ni radio gani itauliza maswali mengi?

Mu 1946 Hill alihamia upande wa San Francisco, na pamoja na wenzake waliopenda amani akaanzisha shirika la Pacifica. Walitaka radio ambayo watu wanaochukiana wanaweza kuzungumza bila kukatwa maneno. Kwake yeye hii ilikuwa kazi ya amani kabisa, siyo burudani: mtu akisikia adui yake anaeleza mwenyewe mambo yake, ni vigumu zaidi kumpiga risasi. Tarehe 15 Aprili 1949 radio yao, KPFA, ilianza kusikika katika mji wa Berkeley.

Shida ilikuwa moja, tena kubwa. Hawakuipata nafasi ku mawimbi ya kawaida, wakaingia ku FM. Leo FM ndiyo kila kitu, lakini wakati ule watu wengi hawakuwa na apareyi ya kuishika. Wana-Pacifica walilazimika kuhangaika hata na kuwatafutia wasikilizaji apareyi zenyewe. Fikiria kufungua duka, halafu uende kuwafundisha wateja njia ya kufika.

Na pesa? Hill alikataa matangazo ya biashara, na hakutaka serkali. Alitoa hesabu yake: kati ya watu mia moja wanaoweza kuisikia radio, wawili tu wakitoa dola 10 kwa mwaka, radio itaishi, na wale 98 watasikiliza bure. Hakuna aliyelazimishwa. Watu walimcheka. Leo radio nyingi za Marekani zinaishi kwa michango ya wasikilizaji, hata zile ambazo hazikubaliani naye ku mambo mengine.

Lakini siyo kwamba ilikubali mara moja. Mu Agosti 1950 KPFA ilinyamaza, pesa imekwisha. Wasikilizaji walikutana, wakachanga, wakazunguka kutafuta wengine. Mu Mei 1951 ilirudi, tena kwa msaada wa dola 150 000 kutoka mfuko wa Ford. Wengine watasema: basi hata yeye alikula pesa ya wafadhili. Ndiyo, alikula. Tofauti ni kwamba wasikilizaji walikuwa wametangulia kutoa. Na dola 10 ya Berkeley siyo franga ya Walungu, hilo ni kweli pia. Lakini hata huku kuna vijiji ambako klabu ya wasikilizaji inachanga mafuta ya jenereta.

Tukitaka kujua kama alifaulu, tuangalie vipindi vyenyewe. Alan Watts alifundisha mambo ya dini za Asia. Mshairi Kenneth Rexroth alizungumzia vitabu. Pauline Kael, ambaye baadaye alikuwa na jina kubwa sana katika mambo ya filamu, alianza kujulikana hapo. Kulikuwa vipindi vya watoto, miziki ambayo hakuna kampuni ingelipia, mabishano ya siasa kati ya watu wa kushoto na wa kuume. Yote haya wakati ambapo Marekani, juu ya kuogopa ukomunisti, mtu alikuwa anaweza kupoteza kazi kwa sababu ya mawazo yake.

Ndani ya nyumba, hata hivyo, amani ilikuwa kidogo. Wafanyakazi walianza wote na mshahara sawa, na walitaka kuamua pamoja. Hill alikuwa mtu wa akili nyingi, lakini siyo mwepesi wa kuachilia usukani. Magomvi yalipanda mpaka mu 1953 akajiuzulu. Mwaka uliofuata akarudishwa. Mtu aliyejenga radio ya mapatano alishindwa kupatana na wenzake wa ofisi, na kwangu hii ndiyo sehemu ya maisha yake inayoumiza zaidi. Ugonjwa uliendelea kumtesa. Tarehe 1 Agosti 1957 alijiua. Aliacha mke na watoto.

Wakati ule Pacifica ilikuwa bado ya Berkeley tu. Mu 1959 ikazaliwa KPFK huko Los Angeles, na mu 1960 tajiri mmoja, Louis Schweitzer, akaizawadia radio ya New York, WBAI. Hapo bande zikaanza safari: mazungumzo yaliyorekodiwa Berkeley yalisikika New York, na ya New York yakarudi California, kwa posta. Radio ingine ikafunguliwa Houston mu 1970; watu wa Ku Klux Klan walilipua mashini yake mara mbili mwaka ule ule, na mara mbili ikarudi hewani. Washington ikafuata mu 1977. Radio zingine ndogo ambazo siyo za Pacifica zikaanza pia kuchukua vipindi na kutoa vyao. Siku hizi kuna kituo chao ku intaneti ambamo kila radio ya mtandao inaweka kipindi na kuchukua cha mwenzake. Democracy Now!, kilichoanza kwao mu 1996, kinapita leo ku radio na televisheni zaidi ya 1 000.

Ugomvi nao ulirithiwa. Mu Julai 1999 wakubwa wa Pacifica waliwafungia wafanyakazi wa KPFA nje ya nyumba yao wenyewe, na maelfu ya wasikilizaji wakashuka barabarani Berkeley mpaka milango ikafunguliwa. Mwaka huo huo, huku Bukavu, RCD ilinyamazisha Radio Maendeleo. Huko walikuwa wakubwa wa shirika, huku watu wa bunduki, mambo hayalingani. Lakini swali la nani mwenye radio lilikuwa lile lile.

KPFA iko bado ku 94.1 FM. Mara kadhaa kwa mwaka inakatisha vipindi vyake na kuomba wasikilizaji pesa, siku nyingi mfululizo, mpaka wengine wanachoka na kuzima.