Irène Joliot-Curie: miali aliyoitumikia iligeuka kuwa kifo chake

Tarehe 17 mwezi wa tatu 1956, Irène Joliot-Curie alikufa mujini Paris kwa kansere ya damu. Alikuwa na miaka 58. Ugonjwa huo unahusishwa na miali aliyofanya nayo kazi tangu ujana wake.

Alizaliwa Paris mwaka 1897. Wazazi wake, Pierre na Marie Curie, ndio waliovumbua radiumu. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, akiwa musichana wa miaka 18, alikuwa karibu na uwanja wa mapigano akipiga picha za radio ili waganga waone risasi ndani ya miili ya askari. Kinga ilikuwa ndogo sana.

Mwaka 1926 aliolewa na Frédéric Joliot, mwenzake wa kazi. Miaka ile, sehemu kubwa ya radiumu iliyouzwa duniani ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, Katanga. Ilikuwa kidogo, na bei yake kali.

Mwanzoni mwa 1934, bibi na bwana hao walipiga boro kwa miali ya poloniumu. Walipoondoa poloniumu, boro iliendelea kutoa miali: sehemu yake ndogo ilikuwa imegeuka azoti ya aina mupya. Kwa mara ya kwanza, watu walitengeneza wenyewe kitu chenye kutoa miali. Baadaye hospitali zilipata njia ingine kuliko radiumu tu. Mwaka 1935 wakapewa tuzo la Nobel la kemia.

Mwaka 1936 Irène aliingia katika serikali ya Ufaransa, wakati wanawake wa inchi hiyo hawakuwa na haki ya kupiga kura. Mwaka huohuo, Gordon Locher wa Marekani alipendekeza boro itumiwe kutunza kansere: iingie ndani ya uvimbe, kisha ipigwe na nutroni. Boro inapasuka, inaua seli iliyoibeba, na nguvu yake haifiki mbali.

Shida ni kuifikisha boro ya kutosha kwenye uvimbe bila kuisambaza mwili muzima. Leo watafiti wanajaribu kuifunga kwenye polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, ili iingie kwenye uvimbe na kubaki pale.

Ndilo jambo Irène alilokosa maisha yake yote: miali inayopiga ugonjwa na kuacha mutu.