Argwings-Kodhek: Loya Aliyesimama na Wasee Waliokuwa Wanangoja Kitanzi

Msee akidakwa usiku pale Kaptembwo, asubuhi swali kwa hiyo keja huwa moja tu: doo ya loya itatoka wapi? Mathe anapigia majamaa simu, mabeste wanafungua kagrupu ka mchango kwa WhatsApp, na msee mwenyewe yuko ndani hajui hata atachajiwa na nini. Wengi huishia kusimama mbele ya hakimu solo.

Sasa peleka hiyo swali nyuma hadi 1953. Kenya iko chini ya mkoloni, hali ya hatari imetangazwa, jaji ni mzungu, na kesi ikikuendea vibaya unanyongwa. Kwa hizo korti kulikuwa na loya mmoja Mwafrika mwenye alikuwa anakubali kesi za wasee wa kawaida wakati wengi walikuwa wanaziogopa. Jina lake Argwings-Kodhek. Watu wengi wanamjua kama barabara ya Hurlingham, Nairobi. Leo tunakupea stori ya mwenye jina.

MTOI WA GEM

Alizaliwa 1923 huko Gem, Siaya ya leo. Jina la ubatizo lilikuwa Clement Michael George, lakini baadaye hizo herufi C.M.G. alizigeuza kuwa Chiedo More Gem, jina la Kijaluo lenye lilikuwa linawaambia watu wazi ametoka wapi. Wafuasi wake walikuwa wanamwita CMG tu.

Alisoma hadi Makerere, akafanya ualimu, halafu 1947 akapata skola ya kuenda Uingereza. Mpango wa serikali ulikuwa asome mambo ya jamii huko Wales. Kuwa loya haikuwa kwa hiyo mpango. Mkoloni hakuwa na haraka ya kuona Mwafrika akisomea sheria, juu mtu anayejua sheria ni ngumu kumtisha nayo. Lakini jamaa akageukia sheria, na 1951 akahitimu kupitia Lincoln's Inn, London. Akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa barista. Barista wa korti, si wa kahawa.

Huko pia alioa mlami, mwanamke wa Ireland anaitwa Mavis. Leo hiyo ni stori ya siku mbili mtandaoni. Wakati huo Nairobi ilikuwa imegawanywa kwa rangi: wazungu mitaa yao, Wahindi yao, Waafrika yao. Mume mweusi na bibi mzungu hata pa kuishi palikuwa ni shida.

MSHAHARA WA THELUTHI

Aliporudi Kenya 1952, alijaribu kuingia kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa serikali. Makaratasi alikuwa nayo, sawa tu na ya wazungu wenye walikuwa pale. Lakini mshahara wenye alipewa ulikuwa theluthi ya ule wa mzungu wa cheo hicho hicho. Yaani kazi moja, kitabu kimoja cha sheria, lakini ngozi yako inakatwa thuluthi mbili.

Akakataa. Akafungua ofisi yake, akaanza kuchukua kesi za watu. Na timing ilikuwa noma, juu tarehe 20 Oktoba 1952 gavana alitangaza hali ya hatari, na msako wa Mau Mau ukaanza.

Huku kwetu Rift Valley tuliiona vizuri sana. Nakuru ilikuwa mji wa masetla. Wakikuyu wenye walikuwa wanaishi na kufanya kazi kwa mashamba ya Nakuru, Naivasha, Njoro, Molo na Elburgon walifurushwa kwa maelfu na kurudishwa Central. Machi 1953, Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakabeba silaha na kufungulia wafungwa. Baada ya hapo kushikwa ilikuwa rahisi kama kununua mkate.

KENYATTA ALIKUWA NA TIMU. WEWE JE?

Kesi ya Kapenguria kila mtu anaijua. Jomo Kenyatta na wenzake watano walitetewa na mbogi kali: D.N. Pritt kutoka Uingereza, H.O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaica, pamoja na mawakili wa hapa kama Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Bado walifungwa, Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu. Lakini angalau dunia nzima ilisikia utetezi wao.

Sasa mchunga ng'ombe wa setla, ama kijana wa kuuza mboga, yeye nani angemtetea? Sheria za hali ya hatari zilikuwa zimefanya makosa mengi kuwa ya kunyongwa. Kupatikana na bunduki, hata risasi tu, ilitosha. Kulisha watu kiapo, ilitosha. Kupatikana ukiandamana na wapiganaji, ilitosha.

Hao ndio walikuwa wateja wa Kodhek. Gazeti za walami na masetla walimwona kama loya wa Mau Mau, na hilo jina lilikusudiwa kuwa tusi. Kwa familia za washtakiwa lilikuwa tumaini.

Na cheki hesabu. Kati ya Aprili 1953 na Desemba 1956, korti maalum za hali ya hatari zilishtaki watu 2,609 kwa makosa ya kunyongwa. Waliohukumiwa kifo ni 1,574. Mwisho wa hiyo vita, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Hiyo namba inatisha, na inafaa kutisha.

Lakini isome tena. Kwa hizo korti zenye ziliwekwa ili watu wahukumiwe haraka, karibu wanne kati ya kila kumi waliachiliwa. Hao hawakuponea kwa huruma. Mara nyingi kesi ilikuwa inasimama kwa vitu viwili: shahidi mmoja mwenye anasema alikuona gizani, na ungamo lenye mshtakiwa alitoa akiwa mikononi mwa polisi. Kazi ya loya wa utetezi ilikuwa kuuliza maswali yenye mshtakiwa mwenyewe hangeweza kuuliza. Mwangaza ulikuwa wa nini? Mlikuwa mmesimama mbali aje? Hizi alama mwilini mwa huyu mtu zilitoka wapi kabla aungame? Swali moja likikosa jibu, kesi inaanza kuvuja.

Hiyo ndio ilikuwa biashara ya Kodhek. Si maneno matamu. Ni kulazimisha serikali ithibitishe.

SIASA, NA AJALI YA 1969

1955 mkoloni aliruhusu Waafrika kuunda vyama tena, lakini vya wilaya tu. Kodhek alikuwa anataka chama cha nchi nzima, akakataliwa, akabaki na Nairobi District African Congress. Machi 1957, kwenye uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia bunge la mkoloni, alipambana na kijana anaitwa Tom Mboya kwa kiti cha Nairobi. Mboya akashinda.

Hakuachana na siasa. Uhuru ulipokuja 1963 alikuwa mbunge wa Gem, na baadaye akapanda hadi kuwa waziri. Wakati Jaramogi alihama KANU 1966, Kodhek alibaki. Alipofariki alikuwa ndiye waziri wa mambo ya nje.

Hiyo ilikuwa tarehe 29 Januari 1969, usiku, kwa barabara ya Hurlingham. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Wengi hawakuamini, na hadi leo kuna watu hawaamini. Miezi mitano hivi baadaye Tom Mboya, yule mpinzani wake wa 1957, alipigwa risasi katikati ya jiji. Barabara yenye Kodhek alifia ndiyo sasa inabeba jina lake.

KENYE ALITUACHIA

Kitu chenye familia za 1953 zilikuwa zinaomba kama msaada, leo ni haki yako kwa Katiba ya 2010. Kifungu cha 49 kinasema ukishikwa uambiwe sababu kwa lugha unaelewa, unaweza kunyamaza, unaweza kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, ama siku ya korti inayofuata kama hayo masaa yameishia wikendi. Kifungu cha 50 kinasema unaweza kujichagulia wakili, na kama bila wakili haki itaumia vibaya, serikali ikupatie mmoja kwa gharama yake.

Hapo kwa mwisho ndio kuna kazi. Kesi ya mauaji huenda High Court na mshtakiwa hupewa wakili. Lakini kesi ya wizi wa mabavu, hiyo kifungu cha 296(2) yenye vijana wengi wa mtaa hujipata nayo, husikizwa na hakimu, na kwa sheria adhabu yake ni kifo. Kwa miaka mingi watu wamejitetea wenyewe kwa hiyo kesi. Sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 ilikuja kuziba hiyo shimo, lakini haikufuati seli. Lazima uombe. Siku ya kwanza mbele ya hakimu, sema huna uwezo wa wakili na unaomba upewe, na hakikisha imeandikwa.

Kama mko na doo, msipeane kwa msee wa koridoni mwenye anasema anajua watu ndani. Wakili wa ukweli ako na leseni ya mwaka huu, na jina lake mnaweza kulicheki kwa mtandao wa chama cha mawakili, LSK. Kubalianeni bei kwa maandishi, mpate risiti, na mjue hiyo bei inafika wapi: dhamana tu, ama hadi hukumu? Bondi ya polisi ni ya bure. Pesa ya dhamana yenye mnalipa kortini hurudi kesi ikiisha kama msee hakuhepa. Ada ya wakili hairudi, kwa hivyo msichanganye hizo mbili. Na kabla uandike statement yoyote, ngoja uongee na wakili kwanza.

Kodhek alikufa akiwa na miaka 45 hivi. Hakumaliza kila kesi na hakuokoa kila mteja. Lakini kwa wakati wenye serikali ilikuwa inataka mtu mweusi asimame kortini akiwa amenyamaza, alihakikisha kuna mtu wa kuuliza maswali kwa niaba yake. Ukishikwa, usikubali kusimama bila huyo mtu.